Antene Iliyonyamaza Nje ya Sakania

Ninyi wajukuu zangu, na ninyi watoto wengine mtakaoshika daftari hii, ketini kwanza. Mimi sikusoma sana. Masere, yaani watawa wa kike, walinifundisha herufi ili niweze kusoma katekisimu, na herufi hizo hizo ndizo ninazowaandikia. Nataka mjue njia niliyoipita kutoka hapa Lubumbashi mpaka misheni moja nje ya Sakania, wakati wa Zaire, nilipomfuata mama yenu Umba. Mnaniuliza kila mara kwa nini katika nyumba hii zawadi inaulizwa kabla ya kufungwa. Someni, kisha msiniulize tena.

Umba alikuwa ameolewa na mwalimu wa shule ya misheni ile. Alikuwa amezika watoto wawili, wote siku ya kuzaliwa. Mimba ya tatu ilipoonekana, mumewe alikuwa ametumwa Likasi kwa mafunzo ya miezi sita, naye akabaki peke yake na masere wa dispensari. Mimi nilitaka aje kuzalia hapa. Akakataa, kichwa chake kigumu, na mnajua alikitoa wapi.

Basi tukapatana hivi. Misheni zote zilikuwa na phonie, yaani mashine ya kusemezana mbali bila waya wa posta. Zilikuwa zikiitana kwa zamu, saa moja asubuhi na saa kumi mchana. Kila Alhamisi asubuhi Umba angeingia kwenye phonie ya kwao, na mimi ningekuwa pale procure, nyumba ya mapadri hapa mjini. Yeye angesema, "Mama, niko." Mimi ningejibu, "Nimesikia." Basi. Phonie haikuwa ya kupigia soga.

Miezi minne tulifanya hivyo. Mwishoni mwa miezi hiyo nilimtumia mzigo kwa treni: sabuni, chumvi, vikwembe viwili vya kujifunga, na koili ya mukuba, yaani shaba, ya marehemu mume wangu. Waya mnene kama kidole changu kidogo, mwekundu, mzuri. Alipewa siku alipoacha kazi ya mgodi, na ulikuwa umelala chini ya kitanda chetu miaka yote. Umba aliwahi kuniambia kwamba waya wa phonie yao, ule ulio juu nje, ni mwembamba kama uzi. Niliona aibu. Sisi watu wa mukuba, mtoto wetu asemee kwenye uzi?

Alhamisi iliyofuata, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nilifika procure kabla ya mapambazuko, nikakaa kwenye kiti mpaka saa moja. Misheni zote zikaitika, moja moja. Ya Umba haikuitika.

Fundi wa phonie aliitwa Kalenga, mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alivua vyombo vya masikio, akanitazama, akaniita Kambo, yaani bibi, kama alivyozoea.

"Beko banasema kule, Kambo, lakini sauti haitoke. Nasikia tu kama mutu anasemea ndani ya mutungi, kisha inazima."

"Na weye unangojea nini?"

"Ntaenda kule mwezi ya kuya, hii ikiisha."

"Mimba haingojee mwezi ya kuya."

"Kambo, phonie haina mimba."

"Umba eko nayo. Tunaenda na treni ya kesho."

"Tunaenda na nani?"

Nilikwenda nyumbani kufunga kitunga, kikapu changu cha safari.

Siku ya kuondoka, saa nne asubuhi, tulikuwa gare, yaani stesheni. Ilikuwa Ijumaa, na Kalenga akanitania kwamba ninakimbia salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Nilimwambia nimefagia barabara za mji huu kabla yeye hajaota meno. Akacheka, lakini alipofungua mfuko wake aliacha kucheka. Alinionyesha taa moja ya kioo, si ya kuangazia, ni ile inayokaa tumboni mwa phonie na kuipa nguvu ya kusema.

"Ile ya kule lazima imeungua. Na hii njo ya mwisho mu Lubumbashi muzima. Ikipasuka mu njia, tutaenda kusalimia bantu na kurudia."

Niliitwaa mikononi mwake. Nilikuwa na nepi kumi na mbili nilizoshona kwa ajili ya mtoto. Nilizitumia nne kuifunga, nikaiweka katikati ya kitunga, unga chini yake na vikwembe juu. Yeye akabaki na kisanduku kidogo chenye sindano, ambacho mafundi wanakiita tosmètre, akakipakata.

Njiani treni ilisimama zaidi kuliko ilivyotembea. Mokambo, pale mpakani, wanawake walipanda na sukari na sabuni za Zambia, mmoja akaweka kifurushi chake juu ya kitunga changu. Nilimtazama. Akakiondoa.

"Mama huyu ana macho ya duani," akamwambia mwenzake, kana kwamba mimi ni mtu wa forodha.

"Anabeba yayi," Kalenga akasema. "Yayi moja, ya kioo."

Hapo ndipo nilipomwuliza ni kitu gani kinachoweza kuizima phonie nzima hivyo. Akanieleza, na alieleza vizuri, kwa hiyo nawaandikia. Nguvu inatoka kwenye mashine, inapita ndani ya kebo nyeusi, inafika juu kwenye antene. Antene ile ni waya uliokatwa katikati, mkono mmoja huku na mkono mmoja kule, na kebo inaingia pale katikati. Mikono hiyo lazima iwe na urefu uliopimwa kwa sauti ile inayotumika. Ikiwa urefu ni wake, antene inaipokea nguvu yote na kuitupa hewani. Urefu ukikosea, antene na kebo hazipatani, na nguvu inarudi kulekule ilikotoka.

"Kama mgeni uliyemtuma kwa watu, wakamfungia mlango," nikasema.

"Njo vile, Kambo. Anarudia na njala na hasira, anakula mwenye kumutuma. Njo taa inaungua."

"Na waya ukiongezwa, si itasikika mbali zaidi?"

"Hapana. Antene haiongezwe. Inapimwa."

Niliikumbuka koili. Kisha nikajiambia kwamba mukuba haujawahi kumdhuru mtu wa Katanga, nikatazama miti nje.

Asubuhi ya Jumamosi, saa kumi na mbili, tulishuka Sakania. Siku zote mgeni wa misheni anaita gari kwa phonie, nalo linakuja gare kumpokea. Sisi tungemwita nani, na kwa phonie gani? Hapakuwa na gari. Palikuwa na mtu mmoja na baiskeli, amesimama karibu na duka la chumvi, uso umechoka. Kalenga akamtambua: Baba Chola, katekista wa misheni ya Umba, mzee aliyefanya kazi katika migodi ya Kambove kabla ya kurudi kwao.

Alitupokea kwa mikono miwili. Nilimwambia mimi ni mama ya Umba.

Akainamisha kichwa. "Karibu, mama. Tutasema tukifika."

Sasa elewa, wewe unayesoma. Kwetu habari nzito haipewi mtu aliyesimama njiani. Mtu anakaa, anakunywa maji, ndipo anaambiwa. Watoto wangu wote niliwafundisha hivyo, na aliyenikosea niliwahi kumpiga kibao. Basi ningewezaje kumshika Baba Chola shati pale gare na kumwambia, sema? Aliifuata adabu yangu mwenyewe. Nilisema, "Twende."

Kutoka gare mpaka misheni tulitumia karibu saa tano. Nilikaa kwenye porte-bagage, nyuma ya baiskeli, kama gunia la makaa, kitunga mapajani, mikono yangu imeizunguka taa. Baba Chola alisukuma baiskeli, Kalenga alitembea nyuma na kisanduku chake. Kwenye mashimo nilikuwa naunyanyua mwili mzima ili kitunga kisigonge. Nilimtazama Baba Chola mgongo. Mgongo wa mtu aliyekaa msibani unainama hivi, nikafikiri. Kisha nikafikiri, hapana, ni mgongo wa mtu anayesukuma mwanamke mzito. Nilibadilisha mawazo hayo njia nzima.

Mahali fulani Kalenga aliuliza, "Kambo, taa eko muzima?"

"Yeye ni muzima. Mimi sijui."

Hakunitania tena.

Saa tano na nusu tulifika. Nilipewa kigoda barazani kwa Baba Chola, mkewe akaleta maji. Nilikunywa kikombe kizima, bila haraka, watu wote wakinitazama. Nilipokiweka chini, Baba Chola akasema:

"Umba eko muzima. Mutoto haiyazaliwa. Uchungu ilianza jana. Masere anasema mutoto amelala kingamo, kichwa haiko chini."

Niliuliza munganga, yaani daktari, yuko wapi.

Ndipo akanieleza kila kitu. Gari la misheni lilikuwa limekufa Mokambo. Yeye alitoka usiku ule kwenda hospitali ya Sakania kumtafuta munganga, akakuta ameondoka na jeep kuzunguka dispensari za porini, na hakuna aliyejua siku ile analala wapi. Kitu kimoja tu kilijulikana. Popote alipo, saa kumi munganga anasikiliza phonie. Lakini hospitali haikuwa na phonie, na ile ya misheni ilikuwa bubu.

Nilikwenda kumwona Umba. Alikuwa amelala kwa ubavu, anatoka jasho. Aliponiona akatabasamu kidogo, kisha akageuza uso ukutani, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Lala."

Sikuelewa. Masere, mwanamke mfupi wa maneno machache, aliniambia nje kwamba tunaweza kungoja mpaka jioni, si zaidi. Nilimpa nepi nane. Nne nyingine zilikuwa na kazi.

Saa saba Kalenga alikuwa amekwisha fungua mashine. Taa ya zamani ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Lakini hakuitia mpya. Alisema, akiitia kabla ya kuona antene, itaungua kama dada yake. Tukatoka nje kutazama juu.

Antene ilikuwa imefungwa kutoka mlingoti wa kengele mpaka mkalitusi mmoja mkubwa. Karibu na katikati ilikuwa waya mwembamba, wa kijivu. Lakini kwenye ncha, huku na kule, palikuwa na waya mnene, mwekundu, unang'aa juani, umevuta kamba chini kwa uzito. Niliufahamu kama ninavyoufahamu mkono wangu.

Kalenga aliweka mikono kiunoni. "Nani aliongeza hii mukuba?"

Mke wa Baba Chola alianza kutazama kuku. Baba Chola akasema polepole, "Ilitoka fasi ya muzuri, kwa bantu bazuri."

"Mi siulize kama fasi ni muzuri. Nauliza nani."

"Ni mimi," nikasema.

Kalenga alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kambo. Mu treni nilikueleza."

"Ulinieleza. Nilikuwa nimekwisha kuutuma."

Nikamgeukia Baba Chola. Nilimwuliza: tangu siku mlipoufunga, phonie haikusema tena, si ndiyo? Akakubali. Basi kwa nini hamkuushusha?

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, kitu mama ya muntu ametuma, nani atakishusha? Umba alisema, tungojee, labda itazoea. Na mi mwenyewe nilitoka Kambove. Nilisema, mukuba kama hii haiwezi kuwa na makosa."

Hakuna aliyekuwa mpumbavu pale. Wote walikuwa na adabu, na adabu ile nilikuwa nimeitengeneza mimi. Sikuwa na muda wa kuona haya. Nilivua kikwembe cha juu, nikakifunga kiunoni, nikasema, "Shusheni."

Walilegeza kamba. Mimi nilishika ncha moja, mke wa Baba Chola nyingine, Kalenga akakata mukuba wangu kwa koleo. Ulianguka kwenye majani kwa sauti nzito. Kisha akapima waya mwembamba uliobaki, akasonya. Wakati wa kuunga, walikuwa wamekata ncha zake kidogo ili waupate uso msafi. Sasa ulikuwa mfupi.

"Ngapi?" nikauliza.

"Kidogo. Lakini kidogo hii njo inatosha kuunguza taa. Na waya ya vile sina."

"Mukuba si waya?"

Akanitazama, akatazama majani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Sakania. "Mukuba ni waya, Kambo. Kama inapimwa."

Akakata vipande viwili kutoka ile koili yangu, kila kimoja urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Alitumia mkono wangu kweli, kwa sababu futi yake ya mita alikuwa ameisahau procure. Akasafisha pale katikati ambapo kebo inaingia, maana palikuwa na kutu ya kijani, akakaza, akafunga mpira juu yake. Tukapandisha.

Saa tisa na robo alitia taa. Niliifungua mwenyewe kutoka kwenye nepi, moja, mbili, tatu, nne. Haikuwa na hata ufa. Akaunga kile kisanduku chenye sindano kati ya mashine na kebo, akabonyeza kitufe cha kusemea kwa nguvu ndogo, mara moja, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Sindano ikaruka hadi katikati.

"Inarudia," akasema. "Nusu inarudia. Mushushe."

Tukashusha. Akakata upana wa vidole vitatu kila upande. Tukapandisha. Akabonyeza. Sindano ikaruka robo. Tukashusha tena. Mikono yangu ilikuwa imechubuka na kamba, na kutoka dispensari nilikuwa nikimsikia Umba. Sikuenda. Kule hawakunihitaji, hapa nilishika kamba.

Vidole viwili tena. Tukapandisha. Kalenga akabonyeza, akainama, miwani yake karibu iguse kioo. Sindano ilitikisika chini kabisa, ikalala.

"Sasa yote inaenda," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Saa kumi kamili masere aliketi, akaita. Mara ya kwanza tulisikia upepo tu. Mara ya pili, sauti ya mwanamume, safi kama amekaa nyuma ya mlango:

"Cinq sur cinq, masere. Mulikuwa wapi wiki hizi zote?"

Alikuwa munganga. Wanaozungumza phonie wakisema cinq sur cinq, tano kwa tano, wana maana ya kwamba wanakusikia kabisa, hakuna kilichopotea. Masere alimweleza kwa maneno machache. Munganga akasema yuko kwenye dispensari ya saa moja na nusu kwa jeep, anawasha gari. Kabla masere hajazima, sauti nyingine ikaingia, ya padri wa procure hapa Lubumbashi: "Na mama ya Umba, alifika?"

Nilisogea. Sikujua mdomo uwekwe wapi.

"Nimefika," nikasema. "Na Umba yuko."

"Nimesikia, mama."

Jua halijazama, jeep ilikuwa uwanjani. Walimpeleka Umba Sakania, masere pamoja naye. Nilikaa nyuma, magoti yangu yakiwa mto wake. Munganga alimpasua kabla ya saa tatu usiku. Mtoto alilia kabla hatujaambiwa chochote, na tulimsikia kutoka nje ya mlango, Baba Chola na mimi. Yeye alikuwa amekuja na baiskeli yake nyuma yetu, njia yote, peke yake.

"Keti, mama, nikupe habari," akaniambia.

"Nimekwisha kuisikia," nikasema. Lakini niliketi, kwa ajili yake. Mtoto huyo ni dada yenu mkubwa, na jina lake mnalijua.

Nilikaa Sakania wiki mbili, mpaka mshono wa Umba ulipopona. Siku moja, akinyonyesha, nilimwuliza kwa nini hakuniandikia kwamba mukuba umeizima phonie.

"Niliandika, mama. Nilimpa barua mwanamke mmoja wa biashara."

"Ukasema nini?"

"Usome mwenyewe."

Kalenga alikuwa ametangulia kurudi. Mimi nilipanda treni Jumatatu, kitunga kikiwa chepesi, na ndani yake vipande vya mukuba vilivyokatwa na sehemu ya koili iliyobaki, ambavyo Baba Chola aliniletea. Njia haikuwa imefupika, treni ilisimama vilevile, lakini nililala tangu Mokambo mpaka Lubumbashi, mdomo wazi, nadhani. Nilikuwa sijalala hivyo tangu Alhamisi ile ya kwanza ya kimya.

Nyumbani barua ilikuwa inaningoja mezani. Ilikuwa imefika siku mbili baada ya mimi kuondoka, imezunguka masoko yote ya mpakani na harufu ya sabuni imeiingia. Umba aliandika: "Mama, mukuba wako ni mzuri sana. Tangu tulipoupandisha phonie haisemi, lakini pengine si makosa yake. Usikasirike. Mimi nangoja."

Nilisoma mara mbili. Mtoto mwenye mimba ya kutisha, anangoja, kwa sababu anaogopa kushusha zawadi ya mama yake.

Jioni ile niliwaita wote wa nyumba: wanangu, wakwe zangu, hata mpangaji. Niliweka mukuba juu ya meza, mrefu upande mmoja, vipande vifupi upande mwingine. Niliwaambia kwamba hiki kirefu kilimnyamazisha Umba, na kwamba vidogo viwili vya namna hiyo hiyo viko juu kule, vinamsemesha. Kisha nikawapa amri, na amri hiyo ingali ileile:

"Mutu wa nyumba hii akitaka kupeleka kitu kwa mwenzake, aulize kwanza anahitaji kipi na cha urefu gani. Na kitu nilichowapa miye, kikiwakwaza, mukishushe siku ileile. Musiningojee nipande treni."